Wasomaji Hawaokotwi Njiani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na darasani haina taabu. Mwanafunzi huielewa mara moja, hasa akiwa mtoto wa mfanyabiashara. Lakini nikiitazama historia ya maandishi ya Kiswahili, nikiwa hapa Kigoma mwisho wa reli, naona kuwa mwandishi akiishika methali hii kama ilivyo atapotea. Katika jambo la kusomwa, hata kizuri hujitembeza. Tena hakitembei ovyo ovyo. Huenda mahali ambapo watu wamekwisha kukaa pamoja kwa sababu zao wenyewe, kikapiga hodi, kikangoja kukaribishwa.

Nayasema haya kwa sababu ya swali moja ambalo nimeulizwa tangu nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu hadi leo nikiwa mstaafu. Watu niliowafundisha hunijia na miswada yao: huyu ameandika mashairi, yule historia ya ukoo wake, mwingine mafunzo ya kilimo cha michikichi. Baadhi yao wamekwisha kutumia fedha za kiinua mgongo kuchapisha nakala mia tano, na nakala hizo zimekaa kwenye maboksi chini ya kitanda, mchwa wakiwa ndio wasomaji wa kwanza. Huuliza, "Mwalimu, wasomaji nitawapata wapi?" Jibu langu nimelitafuta katika mambo yaliyokwisha kutokea, maana swali hili si geni. Kila aliyeanzisha gazeti la Kiswahili alikutana nalo, na majibu yao yanafaa kutazamwa.

Tuanzie hapa hapa Ujiji. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa na soko, bandari ya mitumbwi na watu wa kila namna: Waha, Wajiji, Wamanyema, Wabwari, Waarabu na Waswahili wa pwani. Palikuwa na watu wanaojua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Maandishi yalikuwepo, lakini yalikuwa barua, na barua ina msomaji mmoja ajulikanaye kwa jina. Hata huyo mmoja kumfikia ilikuwa kazi. Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871 alimkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umekaa mwaka mzima njiani kutoka pwani. Ikiwa barua yenye jina la mtu, iliyolipiwa wapagazi, ilichukua mwaka, nani angethubutu kuandika jambo kwa ajili ya watu asiowajua, waliotawanyika katika nchi yote hii?

Waliothubutu kwanza walikuwa vijana wa shule. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, katika chuo cha misheni ya UMCA, lilianza gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Sisi walimu inatupasa kulitazama kwa makini, kwa kuwa halikutafuta wasomaji ambao halikuwajua. Wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuwapo kabla ya gazeti lenyewe. Walikuwa vijana waliosoma pamoja, wakalala bweni moja, kisha wakapelekwa kufundisha Magila, Masasi, na hata kisiwani Likoma katika Ziwa Nyasa. Kila mmoja alitaka kujua mwenzake yu wapi, ameoa au bado, shule yake ina watoto wangapi, nani amefariki. Gazeti lilichukua habari zao likawarudishia. Aliyeandika leo ndiye aliyesoma kesho. Kitu kilichowafunga pamoja ni ule udugu wa shule, na karatasi ilikuwa kamba tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani nao wakatoa gazeti lao, Kiongozi, kutoka shule ya serikali ya Tanga. Madhumuni yao yalikuwa ya kiserikali, hilo halifichiki. Lakini njia waliyoifuata ilikuwa ile ile. Vijana waliotoka katika shule hizo walitawanywa kuwa makarani, maakida na walimu, na habari za mahali walipokuwa zilirudi kuchapwa. Vita vya kwanza vya dunia vililimaliza gazeti hilo. Huku kwetu vita hivyo vilizamisha pia meli. Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na ilipofika 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Meli naitaja kwa sababu gazeti halina miguu. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo, kifurushi cha posta ambacho zamani kingekaa miezi na miezi njiani kiliweza kufika kwa siku chache, na Liemba ikakichukua kukipeleka kusini mwa ziwa mpaka Kasanga. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Ujiji na mtu wa Tanga waliweza kubishana juu ya jambo moja kabla halijapoa.

Ndipo likaja Mambo Leo. Lilianza Januari 1923, likitolewa kila mwezi na Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza mjini Dar es Salaam. Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa gazeti la serikali husomwa kwa kuwa ni la serikali. La hasha. Serikali hiyo hiyo ilitoa matangazo mengi ambayo hakuna aliyeyasoma isipokuwa kwa kulazimika. Mambo Leo lilipendwa, na lilipendwa kwa sababu lilifungua milango mitatu: habari za miji, barua za wasomaji, na mashairi.

Habari za miji ziliandikwa na watu wa miji yenyewe. Karani wa stesheni, mwalimu wa shule ya msingi, mganga msaidizi wa zahanati, kila mmoja aliandika mvua zimeanza lini kwao, timu gani imeshinda, bwana gani amehamishwa. Kwa mhariri aliyekaa Dar es Salaam huenda habari hizo zilikuwa ndogo. Kwa mtu wa Kigoma hazikuwa ndogo hata kidogo, maana siku jina la mji wake lilipochapwa, ukurasa ule ulinunuliwa, ukakunjwa, ukatiwa katika kanzu na kuonyeshwa kila mtu. Na aliyeonyeshwa mara tatu, mara ya nne alitafuta wake.

Mashairi yalizidi hapo. Mshairi hakuandika peke yake kama mtu aimbaye chooni. Alitoa fumbo au swali kwa beti, akawataja wenzake, akawaomba wamjibu. Mwezi uliofuata jibu lilikuja kutoka mji mwingine, kwa vina vile vile. Mwezi wa tatu akatokea wa tatu akisema wote wawili wamekosea. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa forodha Pangani, alikuwa miongoni mwa walioandikia gazeti hilo, na Mathias Mnyampala wa Ugogo vile vile. Watu hawa walijuana kwa tungo kabla ya kujuana kwa sura. Walikuwa na baraza ambalo kuta zake zilikuwa karatasi, na kila mwezi aliyekuwa nje aliweza kuingia kwa kutoa salamu na beti kumi.

Neno baraza nimelitumia kwa makusudi. Nilizaliwa Ujiji, na marehemu baba yangu alikuwa karani wa mizigo stesheni ya Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, nikiwa mtoto wa kutumwa kununua kahawa, niliona jinsi gazeti lilivyosomwa. Halikusomwa na mtu mmoja kimya kimya. Wazee walikaa barazani baada ya sala ya alasiri, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, na mmoja mwenye macho mazuri na sauti akasoma. Wengi waliomzunguka hawakujua herufi hata moja. Lakini kusoma walisoma! Walimkatiza, walimrudisha nyuma, walisema "hapo rudia, bwana," walikosoa vina, walicheka, na jibu la shairi walilitunga wao huku yeye akiandika. Mmoja akitaka kuondoka aliambiwa, "Kaa, mzee mwenzangu, hatujafika kituo." Nakala moja ilihesabiwa ofisini kuwa imeuzwa moja. Barazani ilikuwa na wasomaji kumi na tano.

Jambo hili halikuwa la kwetu tu. London mwaka 1711 Joseph Addison na mwenzake Richard Steele walitoa gazeti la kila siku, The Spectator. Addison alikadiria kuwa kila nakala husomwa na watu ishirini, kwa sababu ilikaa mezani katika nyumba za kahawa na kila aingiaye aliishika. Walipotoa gazeti jingine mwaka 1713, katika nyumba moja ya kahawa liliwekwa sanduku la barua lenye umbo la kichwa cha simba, na wasomaji walitia barua zao kinywani mwa simba huyo. Nilipokuwa nikiwaeleza wanachuo habari hiyo walicheka, kisha nikawauliza: simba yule ana tofauti gani na ukurasa wa barua wa Mambo Leo? Kahawa ile ile, watu wale wale waliokwisha kukaa, na mlango wa kujibia. Addison hakuwaita watu waje kwake. Aliwafuata walipokunywa.

Sasa nije kwa mtu ambaye Ujiji inapaswa kumkumbuka zaidi ya inavyomkumbuka. Kaluta Amri Abedi alizaliwa hapa mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, mshairi, mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya uhuru. Alifariki Bonn, Ujerumani, Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40. Watu wa Arusha hulitaja jina lake kila wanapokwenda kutazama mpira, kwa kuwa uwanja wao umepewa jina hilo, japo wengi hawajui kuwa alikuwa mwana wa Ujiji.

Mwaka 1954 Amri alitoa kitabu, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Wapo waliokilaumu baadaye, wakisema sheria huufunga ushairi. Ugomvi wa vina na huria siuingilii hapa. Nataka kuonyesha jambo jingine. Kabla ya kitabu hicho, kijana wa Uvinza au Kibondo aliyetaka kuingia katika baraza la washairi alipaswa kubahatisha. Aliona tungo zimechapwa, hakujua zimepimwaje. Akituma zake na zisitoke, hakujua kwa nini. Amri alichukua mambo ambayo wajuzi waliyabeba vichwani, vina, mizani, kituo, ulinganifu wa beti, akayaweka wazi kwa bei ya kitabu kimoja. Mwenyeji wa baraza akawaambia wageni: hivi ndivyo tunavyokaa hapa, hivi ndivyo tunavyoamkiana, karibuni. Kitabu hicho kikawa darasa kwa washairi wa magazeti wa miaka iliyofuata. Mimi mwenyewe nilikifundishia, na mara nyingi nilimwona kijana aliyekuwa msomaji tu akigeuka mtunzi ndani ya muhula mmoja. Akishakuwa mtunzi, usomaji wake huwa mwingine kabisa. Husoma kama fundi seremala atazamavyo kiti cha fundi mwenzake.

Mwana mwingine wa Ujiji, Saadani Abdu Kandoro, anatuonyesha upande wa pili. Naye alikuwa mshairi wa magazetini. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam na watu kumi na saba, Kandoro alikuwa mmoja wao, akitoka Jimbo la Ziwa. Baadaye aliandika Mwito wa Uhuru, kilichotoka 1961, na diwani yake, Mashairi ya Saadani, ikatoka 1972. Mambo Leo lilikuwa gazeti la wakoloni na halikuruhusu siasa za kuwapinga. Lakini baraza likishajengwa, mwenye nyumba hawezi kuwachagulia wakaaji mazungumzo yao yote. Washairi walikuwa wamekwisha kujuana. Walijua nani anakaa mji gani na moyo wake ukoje. Waliweza kusema kwa fumbo jambo ambalo mhariri aliliona ni habari ya wadudu na wanyama, na msomaji wa Tabora akaelewa nani ni nyoka na nani ni siafu. Magazeti ya kudai uhuru yalipokuja miaka ya 1950, hayakuanza na uwanja mtupu. Yalikuta watu ambao kwa miaka thelathini walikuwa wamezoea kusoma pamoja na kujibizana.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Tukizungumza habari ya kupata wasomaji tusidhani tunazungumza biashara tu. Watu waliokusanyika kuzunguka ukurasa walijifunza kubishana bila kupigana, kumngoja mwenzao mwezi mzima ajibu, kumheshimu mtu wa kabila na dini nyingine kwa ufundi wa maneno yake. Mnyampala alikuwa Mkristo wa Dodoma, Amri mhubiri wa Kiislamu wa Ujiji, na wote walikutana katika mizani kumi na sita. Sehemu ya umoja wa nchi hii ilishonwa kwa sindano hiyo.

Dini nazo zilikuwa na magazeti yao. Ahmadiyya walianza kutoa Mapenzi ya Mungu mwaka 1936, na Amri alipata kulihariri. Wakatoliki walikuwa na Kiongozi, jina lile lile la zamani, lililoanza Tabora mwaka 1950. Magazeti haya yalikuwa na wasomaji tangu siku ya kwanza, kwa kuwa msikiti na parokia ni mabaraza yaliyokwisha kujengwa. Faida hiyo ina hatari yake. Gazeti la watu wanaokubaliana laweza kuishi miaka mingi bila kusikia sauti ya mgeni, na wasomaji wake wakadhani dunia nzima huimba wimbo wao. Mambo Leo, pamoja na ukoloni wake, lilikuwa na faida ya kuwakutanisha wasiofanana. Anayetafuta wasomaji leo afikirie hili: ni rahisi kuwapata wa nyumba yako, lakini wa nyumba ya pili ndio watakaokufundisha kama ulichoandika kinasimama.

Baada ya uhuru serikali yetu ililitazama jambo hili kwa upana ambao sidhani umeonekana tena. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ilikuwa na vitabu, redio, na jambo la tatu ambalo wengi husahau kulitaja: vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na karibu watu milioni 2 walikutana kwa majuma kumi na mawili kusikiliza kipindi, kusomewa kitabu, kujadili, kisha kwenda kuchimba choo au kufyeka majani.

Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa. Operesheni Kigoma ilikuwa imepita mwaka uliotangulia, 1972, na watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashamba yao ya zamani na kupangwa nyumba kwa safu. Jirani hakumjua jirani, na baadhi walikuwa na kinyongo. Nilipewa vikundi viwili. Kimoja kiliundwa na ofisi ya kijiji kwa orodha, nyumba ya kwanza mpaka ya ishirini. Kingine kilikuwa cha wanawake waliokausha dagaa pamoja, wakaomba wasajiliwe hivyo hivyo walivyo. Vitabu vilikuwa vile vile, redio ile ile, mwalimu yule yule. Kikundi cha orodha kilikuja juma la kwanza kimejaa, juma la nne nusu, na juma la nane nilikuwa nazungumza na mwenyekiti na mbwa wake. Wanawake wa dagaa hawakupungua. Kipindi kilipotaja maji machafu, mama mmoja alisema, "Mwanangu, mwandishi wa kitabu hiki hajaona ziwa. Mwambie sisi maji tunachota asubuhi kabla mitumbwi haijaingia." Nikaandika barua Dar es Salaam kama alivyosema. Jibu halikuja. Majuma matatu mfululizo aliniuliza, "Wamejibu?" na kila nilipomwambia bado, aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyezoea.

Swali hilo la yule mama ndilo kiini cha yaliyofuata. Kisomo kilifanikiwa kwa hesabu. Wasiojua kusoma, waliokuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima baada ya uhuru, walitangazwa kuwa chini ya 10 kwa mia mwaka 1986. Kisha hesabu zikarudi nyuma. Sensa ya 2012 ilionyesha wanaojua kusoma kuwa takriban 78 kwa mia. Wataalamu wametaja sababu: uchumi ulidorora, karatasi zikaadimika, vitabu vya kujiendeleza havikufika. Zote ni kweli. Miaka ya 1980 nilipata kuona mtihani ukiandikwa nyuma ya karatasi za mtihani wa mwaka uliopita. Lakini mimi naongeza moja ambayo sikuiona katika taarifa: watu walifundishwa kusoma bila kuwekewa mlango wa kujibia. Mtu husoma kwa bidii pale anapotarajia kuwa neno lake nalo litasomwa. Mlango huo ukifungwa, herufi humtoka mtu polepole, kama lugha ya ugenini baada ya kurudi nyumbani.

Jambo hili nililiona kwa udogo chuoni, mwaka ambao wanachuo waliamua kuwa na gazeti la ukutani. Waliolianzisha walikuwa wawili, wenye hati nzuri na Kiswahili safi. Toleo la kwanza lilikuwa na makala tatu ndefu: wajibu wa mwalimu, umuhimu wa mazingira, na madhara ya ulevi. Lilining'inia karibu na bwalo majuma mawili. Watu walipita wakiwa na sahani zao. Wale vijana wakanijia. "Shikamoo Mwalimu. Wenzetu hawapendi kusoma."

Nikawaambia, "Marahaba. Wenzenu wanasoma barua za nyumbani mpaka zinachanika. Nendeni mkakae nao mahali wanapokaa."

Wakaenda. Chuo kilikuwa na watu wa kwaya, watu wa mpira, wavuvi wa Jumamosi, na kikundi cha kutoka Buha kilichopenda kuteguliana vitendawili usiku. Wale wahariri waliketi na kila kikundi bila kuomba chochote kwa muda. Walicheza mpira, walitegua vitendawili. Kisha toleo la pili likatoka, na juu yake palikuwa na kitendawili kimoja cha Kiha kilichotafsiriwa, na chini yake nafasi tupu iliyoandikwa: "Mwenye jibu aandike hapa." Kufikia jioni nafasi ilikuwa imejaa, na mtu alikuwa amebandika karatasi ya pili kwa wali wa moto, maana gundi haikuwapo. Juma lililofuata mpishi wa bwalo, ambaye hakuwa mwanachuo, aliandika shairi la kujibu malalamiko juu ya maharage. Tangu siku ile hakuna aliyepita na sahani bila kusimama. Makala ya wajibu wa mwalimu nayo ikasomwa katika toleo la tano, kwa sababu sasa aliyeiandika alikuwa mtu wao.

Kwa hiyo wanaonijia na maboksi yao nawaambia mambo machache. Kwanza, taja kwa majina watu hamsini ambao ungependa wakusome. Usiseme "jamii" wala "vijana wa leo." Ukishindwa kuwataja, bado hujajua umemwandikia nani. Pili, uliza watu hao hukutana wapi: chama cha kukopa na kuweka, kwaya, darasa la msikitini, mwalo wa samaki, umoja wa waliosoma shule moja. Nenda huko mikono mitupu. Sikiliza kwanza, wasaidie jambo lao, wasome na wao wanachoandika. Anayeingia barazani na bidhaa begani hujulikana kabla hajakaa, na watu humpa kahawa kwa adabu kisha hugeuza mazungumzo. Tatu, ukishaandika, acha mahali pa kujibiwa, na ukijibiwa, jibu. Jibu hata lile la mama wa dagaa anayesema hujaliona ziwa. Hasa hilo.

Nne, kuwa na subira ya mwezi. Siku hizi mtu hutuma neno asubuhi na adhuhuri amekata tamaa. Wale washairi wa reli ya kati walingoja treni ije na iondoke, wakajua kuwa urafiki wa maneno haukui kwa siku moja. Wasomaji wao walikuwa wachache mno mwanzoni. Lakini kila mmoja wao alikuwa na baraza nyuma yake, na kila baraza lilikuwa na kijana mmoja pembeni aliyekuwa akihesabu mizani kwa vidole, akingoja zamu yake.

Kizuri chajiuza, naam, lakini kikiwa kimefika sokoni. Kukifikisha ni kazi ya miguu, na miguu ya maandishi ni watu. Mji wetu umetoa Amri Abedi na Kandoro, na hao hawakusubiri kugunduliwa. Walisoma ya wenzao, wakajibu, wakajibiwa. Nakala mia tano chini ya kitanda si mzigo mkubwa kwa mtu aliye tayari kuzichukua moja moja, kuketi barazani, na kuanza kwa kumwuliza mwenzake yeye ameandika nini.